Shamba la Masomo: Habari za Watoto Wetu Kufundishwa Nje

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtasoma habari za kujengwa kwa kanisa, majina ya maparoko waliotutangulia, na hesabu za ubatizo na za ndoa. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika habari za masomo tumechagua kitu kisichokuwa na picha hata moja katika makabati ya parokia. Kitu hicho ni shamba lililo nyuma ya nyumba za masomo ya msingi, pamoja na yote waliyojifunza watoto nje ya kuta nne. Tumekichagua kwa sababu moja iliyo wazi: komite ya wazazi inaulizwa sasa kama shamba hilo libaki au lijengwe, na haifai watu wakate shauri juu ya kitu wasichojua asili yake.

Tuanze zamani, kabla ya kufika misionari wa kwanza. Wako watu wanaofikiri kwamba mafundisho ya watoto yaliingia Kongo pamoja na ubao mweusi na kreta. Jambo hilo si kweli. Mtoto aliyechunga mbuzi alijua majani yanayowavimbisha tumbo na majani yanayowaongezea maziwa. Msichana aliyemfuata mama yake shambani alijua kwa sauti ya ndege kama mvua iko karibu. Kati ya Warega, ndugu zetu wa msituni, wazee walikuwa na kamba waliyoiita mutanga. Juu yake walifunga vitu vidogo vya msituni na vya nyumbani: kipande cha gome, mdomo wa ndege, gamba la konokono, mfupa, unyoya. Kila kitu kilichukua methali yake, na kijana alipokishika alipaswa kuisema na kuifasiria. Kamba hiyo ilikuwa kitabu kilichookotwa njiani. Nao vijana walipoingia kambi ya kutahiriwa, walikaa msituni siku nyingi, wakafundishwa nyimbo, desturi, mitego na dawa. Misionari na wakubwa wa Serkali waliona mambo mengi katika desturi hizo yasiyowapendeza, na mengine yalistahili kukemewa. Lakini mwaka wa 1948, Serkali ya Wabelgiji ilipokipiga marufuku chama cha Bwami cha Warega, maarifa mengi ya miti na ya wanyama yalisukumwa gizani pamoja na chama chenyewe. Tunaisema hasara hiyo bila chuki.

Misionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganika, mwaka wa 1885. Miaka minane baadaye, mwaka wa 1893, ikazaliwa misioni ya Kirungu, iliyojulikana zamani kwa jina la Baudouinville. Huko ndiko alikopewa upadri Stefano Kaoze mwaka wa 1917, Mkongomani wa kwanza kuupokea. Watoto wa kwanza wa misioni zile walikuwa yatima na watoto waliokombolewa utumwani. Siku yao iligawanyika: katekisimu na kusoma kwa upande mmoja, jembe na panga kwa upande mwingine. Hapakuwa na njia nyingine, kwa kuwa watu wengi walipaswa kula, na chakula hakikutoka Ulaya. Tangu mwanzo huo, basi, mtoto wa masomo wa Kongo alijikuta shambani, na tangu mwanzo huo likawako swali ambalo halijaisha hata leo: je, yuko shambani ili ajifunze, ama yuko shambani ili afanye kazi?

Swali hilo lilipasuka kwa nguvu upande wa magharibi wa nchi. Wajezuiti wa misioni ya Kwango, wakiongozwa na Padri Emile Van Hencxthoven, walikuwa wameanzisha katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 vijiji vidogo walivyoviita mashamba-kanisa. Katika kila kimoja katekista alikaa na kundi la watoto. Walilima, walifuga, waliomba, walijifunza kusoma. Mwaka wa 1904 Mfalme Leopold wa Pili, aliposongwa na makelele ya dunia juu ya mateso ya mpira, alituma Kongo tume ya watu watatu: Edmond Janssens, Giacomo Nisco na Edmund de Schumacher. Taarifa yao, iliyotangazwa mwaka wa 1905, haikusema juu ya mpira tu. Iligusa pia mashamba-kanisa, ikasema kwamba wengi wa watoto waliowekwa mle hawakuwa yatima kwa kweli, na kwamba kazi yao ilikuwa kazi ya kulazimishwa. Wajezuiti walikataa mashtaka hayo, na mabishano yakaenea katika magazeti ya Ubelgiji. Sisi hatuwezi kuwa waamuzi wa kila kijiji kimoja kimoja. Twaona tu kwamba hoja ya waamuzi wale ilikuwa hoja ya haki: mtoto asiye na ruhusa ya kurudi kwao hawezi kuitwa mwanafunzi wa shamba.

Na tazameni jinsi mambo yanavyofuatana. Tarehe 26 mwezi wa tano mwaka wa 1906, miezi michache baada ya taarifa ile, Kiti Kitakatifu na Serkali ya Kongo walitia sahihi mapatano. Serkali iliahidi kuzipa misioni za kikatoliki mashamba ya hektari 100 ama 200 kwa kila kituo, bila malipo, yawe yao siku zote. Misioni ziliahidi kwamba kila kituo, kadiri ya nguvu zake, kitakuwa na masomo ya watoto wa nchi, na kwamba ndani ya mafundisho yake kutakuwa kilimo, utunzaji wa misitu na kazi za mikono. Mashamba makubwa ya misioni mnayoyaona katika nchi yetu yote yana mzizi wake pale. Wageni wengine hudhani ya kwamba mapadri wa zamani walipenda tu kuwa na ardhi kubwa. Ardhi ilitolewa pamoja na deni, na deni lenyewe lilikuwa masomo.

Kisantu, katika Kongo ya chini, Bruda Justin Gillet, Mjezuiti, alionyesha namna iliyo bora kupita nyingine ya kulipa deni hilo. Karibu na mwaka wa 1900 alianza bustani ya miti na mimea kutoka sehemu nyingi za dunia, akaitunza mpaka kifo chake mwaka wa 1943. Bustani hiyo iko hata sasa.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia wakaja wageni kutoka Marekani. Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, ilipita Kongo mwaka wa 1921. Kati yao alikuwamo James Aggrey, mwalimu mwafrika wa Gold Coast, nchi inayoitwa leo Ghana. Katika taarifa yao ya mwaka wa 1922 walishauri masomo ya Afrika yafungamane na maisha ya mahali: afya, udongo, nyumba, kazi. Mwaka ule ule waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Louis Franck, aliweka tume yake ya masomo; na mwaka wa 1929 kikatoka kitabu cha kanuni za masomo ya misioni, kilichojulikana kwa gamba lake la njano. Masomo ya msingi yakawa na daraja mbili, ya kwanza miaka miwili, ya pili miaka mitatu. Lugha ilikuwa ile ya wenyeji. Kilimo na kazi za mikono vilipewa nafasi kubwa, na Kifaransa nafasi ndogo, hasa vijijini.

Hapa tunaomba msomaji atusikilize polepole. Katika miaka hiyo hiyo, huko Ubelgiji kwenyewe, alikuwako mganga mmoja jina lake Ovide Decroly, aliyezaliwa mwaka wa 1871 na kufa mwaka wa 1932. Mwaka wa 1907 alifungua Bruxelles masomo yaliyoitwa Ermitage. Alifundisha kwamba mtoto huanza kujifunza kwa kuangalia kitu chenyewe: mnyama anayemlisha kwa mkono wake, mbegu inayoota, mvua inayonyesha. Ndipo hulinganisha alichokiona na vitu vya mbali na vya zamani. Ndipo hukieleza kwa maneno, kwa hesabu, kwa kuchora, kwa udongo wa kufinyanga. Mawazo yake yaliingia katika programu ya masomo ya msingi ya Ubelgiji ya mwaka wa 1936. Basi mtoto wa Ubelgiji alitolewa nje ili aone na kuuliza. Mtoto wa Kongo, chini ya Serkali ile ile, alitolewa nje mara nyingi ili alime. Kwenye karatasi maneno yalifanana: udongo, mimea, mazingira ya mtoto. Tofauti ilikuwa katika kaye. Mtoto aliyerudi kutoka nje akafungua kaye yake na kuandika alichokiona, huyo alikuwa amesoma. Mtoto aliyerudi akanawa mikono tu, huyo alikuwa amefanya kazi.

Hatusemi kwamba hapakuwa na walimu wazuri. Walikuwako, na wengi wao walikuwa wamonitori wetu wenyewe, watu wenye mshahara mdogo na moyo mkubwa. Harage lililooteshwa katika chupa yenye majani makavu ili mzizi uonekane. Kopo lililowekwa kiwanjani kupima mvua. Fimbo iliyosimikwa wima ili kivuli chake kipimwe saa sita mchana: mambo hayo hayakuhitaji makuta wala ruhusa ya inspekteri. Fimbo hiyo, kwa njia, ni somo zuri kwetu sisi tulio karibu na mstari wa Ekwateri. Mwezi wa sita kivuli cha saa sita huelekea kusini. Mwezi wa kumi na mbili huelekea kaskazini. Na kati yake, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, huwa karibu kupotea kabisa chini ya fimbo. Mtoto wa Ulaya hawezi kuyaona hayo kwao.

Lakini kulikuwa na kivuli kingine juu ya shamba la masomo. Tangu mwaka wa 1917 Serkali iliwalazimisha watu wa vijiji walime mazao iliyoyataka, mpaka siku 60 kila mwaka, na aliyekataa aliadhibiwa. Baba alishika jembe kwa hofu ya Bulamatari. Mtoto wake alishika jembe kwa amri ya mwalimu. Nani angemweleza mtoto huyo kwamba majembe hayo mawili si kitu kimoja? Tena ikaingia desturi mbaya ya kumpeleka shambani mtoto aliyechelewa ama aliyeongea darasani. Shamba likawa azabu. Tunaona kwamba hakuna jambo lililoharibu kilimo katika macho ya watoto wa Kongo kupita desturi hiyo, kwani ilimfundisha mtoto mwenye akili kwamba wenye akili hukaa kivulini. Wazazi nao waliona wazi kwamba karani hujua Kifaransa na halimi, wakadai Kifaransa. Hawakukosea katika hesabu yao. Misionari wengine waliwalaumu kwa kudharau udongo. Lawama hiyo ilikuwa nyepesi kinywani mwa watu ambao wenyewe walikuwa wamesoma Kilatini.

Miaka ya baada ya uhuru tuipite upesi, kwa kuwa wengi wenu mliiona kwa macho. Katika miaka ya 1970 ikaja Salongo, na watoto wakatoka tena na majembe na mafagio. Mwisho wa mwaka wa 1974 Serkali ya Zaïre ilizichukua shule zote za Kanisa. Kwa mapatano ya tarehe 26 mwezi wa pili mwaka wa 1977 ikazirudisha mikononi mwa Makanisa kuziongoza. Katika kwenda na kurudi huko vitabu vingi vya shamba na kaye za mvua zilipotea, na katika shule nyingi hakuna aliyeziuliza.

Aliyetukumbusha thamani ya somo la nje hakuwa inspekteri wala padri. Ulikuwa mlima wetu. Tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka wa 1977 Nyiragongo ilipasuka, na ziwa la moto lililokuwa juu yake likamwagika kwa muda usiofika saa moja, likashuka mbio kupita mtu anavyoweza kukimbia. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 2002 moto ulishuka tena, ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani, ukala masoko, nyumba, shule, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka wa 2021 ulirudi mara ya tatu, ukasimama karibu na mji. Katika nchi ya namna hii, kumfundisha mtoto vitu vya asili si mapambo ya programu.

Chukueni mfano wa mazuku. Jina hilo ni letu; wataalamu wa dunia nzima wamelikopa kutoka vinywani mwa wazee wa Kivu. Mazuku ni hewa ya kaboni inayotoka katika nyufa za ardhi, hasa kati ya Goma na Sake. Haina rangi, haina harufu, nayo ni nzito kupita hewa tunayovuta, kwa hiyo hukusanyika katika mashimo na mabonde madogo, usiku na asubuhi mapema wakati upepo umelala. Mtu mzima aweza kusimama na kichwa chake juu yake. Mtoto, kwa ufupi wake, huzama ndani. Anayeinama kuokota kuni, ama mbuzi anayekula majani ya shimoni, huanguka. Mwalimu anayewapeleka watoto kando ya mahali palipojulikana, kwa umbali wa salama, jua likiwa limepanda na upepo ukivuma, aweza kuwaonyesha alama zote: majani yaliyokauka chini ya shimo huku ya juu yakiwa mabichi, wadudu na ndege wadogo waliokufa bila jeraha. Atawaambia kwamba moto hauwaki mle, na kwamba aliyeanguka shimoni hafuatwi na mwenzake, bali huitiwa watu wakubwa. Somo hilo laweza kuandikwa ubaoni, ndiyo. Lakini mtoto aliyeliona shimo hatalisahau.

Na yale mawe meusi tunayoyalaani kwa kuwa yanakata viatu, je, hatuoni kwamba ni kitabu chenye kurasa tatu? Pale moto wa mwaka wa 2021 ulipopita, jiwe lingali karibu tupu. Pale pa mwaka wa 2002, ambapo watu hawakujenga, limevaa ukungu mgumu wa rangi ya majivu, na katika nyufa zake yameota majani ya kwanza. Pale pa mwaka wa 1977 vichaka vimeshika mizizi. Mtoto anayetembea asubuhi moja kutoka jiwe moja mpaka jingine ameona kwa miguu yake namna udongo unavyozaliwa, na atajua kwa nini haufai kuachwa uende na maji ya mvua.

Somo jingine la nje limetujia kwa njia ya njaa. Mwaka wa 2001, upande wa Masisi, ulionekana ugonjwa wa kunyauka kwa migomba, ukaenea Kivu yote. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa maji mazito ya manjano. Wadudu huupeleka kwa njia ya ua la mwisho la mkungu, nasi wenyewe huupeleka kwa panga. Dawa yake ni kazi ya mikono inayoweza kufanywa hata na mtoto wa mwaka wa tano: kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara vichana vya mwisho vinapokwisha kutoka; kuipitisha panga motoni kabla ya kuingia mgomba mwingine; kulikata shina lenye ugonjwa chini kabisa. Migomba michache nyuma ya masomo yatosha kufundisha hayo. Watoto wakiyajua, wazazi wao watayajua jioni ile ile.

Tumefika kwenye shamba letu. Tangu mwezi wa tisa mwaka wa 2019 Serkali ilipotangaza masomo ya msingi bila malipo, watoto wamejaa madarasani, jambo la kumshukuru Mungu. Benchi zimepungua, na nyumba pia. Ndiyo maana wako wanaosema shamba lijengwe, na hoja yao si ya kuchekwa: mtoto anayesimama mlangoni kwa kukosa nafasi hana faida ya migomba. Wako wengine wanaotaka sehemu yake iuzwe viwanja. Juu ya hao tutasema tu kwamba ardhi ya namna hii ilitolewa kwa ajili ya masomo.

Maoni yetu ni haya. Madarasa mawili yaweza kusimama upande wa njia, ambapo ni mawe tupu na hakuna kilichoota. Sehemu ya chini, yenye udongo, iachwe: migomba, mistari ya maharagi na lenga-lenga, kitalu cha miti, kopo la mvua na fimbo ya kivuli. Kila kalasi iwe na saa yake huko kila juma, na kaye yake. Mavuno yaandikwe na watoto wenyewe katika kitabu, yaonekane mbele ya wazazi, yasiende jikoni kwa mtu mmoja. Na direkta aandike katika kanuni za shule kwamba hakuna mtoto atakayepelekwa shambani kwa azabu.

Komite ya wazazi itakutana juu ya jambo hili Jumapili ya kwanza baada ya sherehe, misa ya pili itakapokwisha, chini ya mti wa avoka. Mapadri wageni watakaokuwa wangali kwetu siku ile wanakaribishwa kuliona shamba. Njia yake hupita nyuma ya nyumba ya masista, na wakati wa mvua huwa na utelezi.